Kaburi la Kwanza Kibanjani

Wiki iliyopita vijana wa maji walichimba mtaro mbele ya nyumba yangu hapa Kibeta, wakakata mizizi ya migomba miwili niliyoipanda mwenyewe. Nilitoka na nia ya kuwagombeza, na mimi nikiamua kugomba nagomba kweli. Nilipofika kwenye ule mtaro harufu ikanipata: udongo uliolowa, mizizi ya mgomba iliyokatwa, utomvu wake ulioanza kuchacha. Nikasimama pale na kanga begani mpaka mmoja wao akaniuliza, mama, kuna tatizo? Nikamwambia hakuna, endeleeni. Nikarudi ndani nikakaa.

Harufu ile ni ya kaburi la kibanjani, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba. Nyie mliolelewa Muleba na Bukoba vijijini mnaijua, na wenzangu wa rika langu mnaijua kupita kiasi, kwa sababu kuna miaka tuliinusa karibu kila wiki. Ilifika mahali majembe ya kijiji yalikuwa hayakauki udongo. Lakini mimi nina kaburi langu moja ambalo sijawahi kulisimulia, hata kwa marehemu mume wangu, na naona sasa nimefika umri wa kulisema.

Sisi kijijini tuliitwa Wanyarwanda. Baba alivuka kuja Tanzania akiwa kijana, kwa miguu, akiwa na mama yake mzazi na ndama mmoja, kabla mimi na kaka yangu Gaspari hatujafikiriwa. Alipokelewa na mkulima wa kahawa aliyeitwa Ta Aloisi, yaani Mzee Aloisi, akawa mchungaji wake, akapewa kibanda nyuma ya migomba. Akamwoa mama, binti wa wakimbizi wenzake. Alipoambiwa kwamba serikali inawapa uraia wanaoutaka kwa kufuata taratibu, baba alizifuata zote kama mtu anayesali rozari, bila kuruka hata punje moja. Alijaza fomu, akasubiri, akaitwa Bukoba, akarudishwa, akaitwa tena, mwisho akaapa mbele ya hakimu na kurudi na hati yenye mhuri. Kwenye picha alivaa koti la kuazima. Mama aliifunga hati ile kwenye nailoni akaiweka sandukuni pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo.

Basi baba akawa Mtanzania, na kijiji kikaendelea kumwita Mnyarwanda. Nenda kwa Mnyarwanda ukaombe samadi. Mwambie Mnyarwanda ng'ombe wake wamepita kwangu. Hata Ma Paulina, jirani yetu wa chini, mwanamke mwema aliyenifundisha kumenya ndizi bila kuchafua mikono, aliniita mtoto wa Mnyarwanda huku ananipa kiazi cha moto. Wanaume wengine wenye watoto waliitwa kwa majina ya watoto wao, Baba Fulani, Baba Fulani. Baba yangu alikuwa na watoto wawili na hakuitwa baba wa yeyote.

Wakati wa vita mambo yalichacha. Nilikuwa mdogo, nakumbuka vipande tu: watu wa ng'ambo ya mto wakipita na magodoro kichwani, mlio wa ndege na mama akinilaza chini ya mibuni, redio ya Ta Aloisi ikizungukwa na wanaume. Nakumbuka pia mgambo wawili waliokuja kumchukua baba kwa sababu alikuwa na damu ya nje na vita ilikuwa na watu wa nje. Alikwenda na hati yake ndani ya shati. Walimweka siku mbili kwenye chumba cha ofisi, mmoja akimwambia kwamba mihuri inachongwa. Walipomwachia alirudi, akala, akaenda kukamua. Mwezi uleule kila kaya iliombwa kuchangia chakula cha wanajeshi, baba akatoa dume letu kubwa. Dume letu likaenda vitani kwa ajili ya nchi, sisi tukabaki nyumbani tukiwa wageni.

Vita ilipoisha Ta Aloisi, ambaye mkewe alikuwa amefariki, aliamua kwenda kukaa na binti yake kule Nyanga, mjini. Akamuuzia baba kibanja kile tulichokuwa tukiishi nyuma yake. Baba alitoa ng'ombe wanne. Karatasi iliandikwa kwa balozi wa nyumba kumi, Ta Severini, aliyekuwa mdogo wake Ta Aloisi wa tumbo moja, mwenye kibanja upande wa juu wa njia. Ta Severini aliandika kwa mwandiko mzuri, akasaini, halafu akamwambia baba mbele yetu sote kwamba sawa, yameandikwa, lakini kibanja kisicho na kaburi la mwenyewe bado kinamsubiri mwenyewe. Siku ukoo ukikihitaji, baba atarudishiwa ng'ombe wake.

Wenye asili ya kule hamhitaji kufafanuliwa. Kwetu mtu anazikwa kibanjani kwake, kati ya migomba, karibu na nyumba. Ukishazika umeshika. Hakuna ukoo utakaomhamisha mtu kutoka kwa marehemu wake, hata awe na deni la mbinguni. Makaburi ya wazazi wa akina Severini yalikuwa kule juu kwake, kwa hiyo kibanja chetu kilikuwa kitupu. Tulikuwa na karatasi mbili, ya serikali na ya balozi, na hatukuwa na mtu hata mmoja chini ya ardhi.

Mimi hayo sikuyaelewa. Nilichoelewa ni sauti ya mama jikoni, siku chache baadaye, akimwambia baba kwamba basi na tusubiri, maana mkongwe hana siku nyingi, akilazwa pale kibanja kitakuwa chetu. Mkongwe alikuwa Nyogokuru, yaani bibi yangu mzaa baba, niliyelala naye kitanda kimoja. Nikajumlisha. Kibanja kinataka kaburi, kaburi linataka mtu, na mtu ameshachaguliwa.

Nilianza kumlinda. Baba akimpelekea maziwa nilikuwa mbele, naonja kwanza. Uji wake nilionja. Dawa yake ya kikohozi nilionja nikatapika. Nilikuwa nimeona Wahaya wakubwa wakimpa mgeni kahawa ya kutafuna, mwenyeji anatafuna yake kwanza ili mgeni ajue haina sumu, na nilidhani hata sumu ina heshima, ikiona mtu ameonja inaondoka. Baba yangu, mtu aliyemwosha mama yake miguu kila Jumamosi, nilimwangalia kwa jicho la polisi. Nikikumbuka naona aibu mpaka leo.

Nyogokuru aliniuliza hii njaa ya ghafla imetoka wapi. Nikamwambia ukweli. Alicheka mpaka akashika ubavu, halafu akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye nafasi iliyokuwa wazi kati ya migomba mitatu na mbuni mmoja mzee. Akaniambia hapo ndipo atakapolala yeye, amepachagua mwenyewe, na baba hana hatia yoyote. Alisema ameshakuwa mzee wa kutolima na kutokamua, kazi iliyobaki ni hiyo moja, kutupa sisi mahali pa kukaa, na ataifanya vizuri. Alisema hivyo kwa furaha kabisa, kama mtu anayeeleza mpango wa arusi. Kuanzia siku ile alikuwa anakwenda kuota jua pale kila asubuhi na kung'oa majani. Mimi nilipachukia, nikipita nazunguka.

Sasa niseme kuhusu Gaspari. Alinizidi miaka kumi, na kwa Kihaya hakuna kijana pale kijijini aliyemshinda kutaniana. Kinyarwanda alikisema kwa kujikwaa, Nyogokuru akimcheka. Alifaulu mtihani wa darasa la saba, jina lake likatoka kwenye orodha ya kwenda sekondari, na nyumbani tulichinja kuku. Halafu ikaja taarifa kwamba kuna mtu ameuliza mtoto wa mkimbizi anachukuaje nafasi ya mtoto wa raia. Nani aliuliza, hatukujua kamwe. Baba alipanda baiskeli na hati yake akaenda mjini, ofisi hii ikamtuma ile, ile ikamrudisha hii. Walipokubali kwamba kweli raia ni raia, shule ilishafunguliwa na nafasi ilishajazwa. Wakamwambia ajaribu mwakani. Mwakani haikuja.

Gaspari alikwenda visiwani kuvua na kuuza samaki. Alipokuja kutembea alituambia kule hakuna anayekuuliza kwenu wapi, maana kila mtu ametoka mahali, na ukiwa na mikono unakula. Alileta samaki wakavu, sukari, na shati la kitambaa kile cha magendo kilichoitwa Juliana. Mnakumbuka mashati yale, yaling'aa mpaka kanisani watu wanageuka. Mnakumbuka pia kwamba ugonjwa ulipoanza tuliuita Juliana, kwa sababu ulionekana kuwapata vijana wenye mashati yale, nasi hatukuwa na jina jingine, neno ukimwi lilikuja baadaye. Ma Paulina alizika wanawe wawili ndani ya mwaka mmoja. Baba alichimba makaburi yote mawili pamoja na wanaume wengine. Hakuna aliyewauliza wale vijana asili yao.

Kaka yangu alirudi safari ya mwisho akiwa amebebwa kwenye baiskeli. Mama alitandika nyasi mpya kwenye chumba cha mbele akamlaza pale. Kijijini wakasema unaona, wageni ndio walioleta, wakati nyumba za wenyewe zilikuwa zinafungwa milango mmoja baada ya mwingine. Walimu walininyamazia. Watoto walihama dawati langu. Nilikuwa na hasira na wote, na Gaspari naye nilimkasirikia kwa kukonda.

Nilimwona akikonda na nilimwona Nyogokuru akikohoa, na kwa akili yangu ya miaka kumi nikajua kwamba lile kaburi sasa linakaribia. Nikaanza kusali. Nilisali nikienda kisimani, nikirudi, nikifagia. Sala yangu ilikuwa moja: Mungu, usimchukue Nyogokuru, mchukue mtu mwingine. Sikutaja jina. Lakini nilijua nyumba yetu ina watu wangapi, na nilijua nani alikuwa amelala mchana kwenye chumba cha mbele.

Gaspari alifariki asubuhi ya Jumanne, mama akiwa amemshika kichwa, mimi nikiwa mlangoni na kikombe cha uji.

Kabla ya saa sita Ta Severini alifika. Alivua kofia, akatoa pole, akakaa kwenye kiti alichopewa. Waombolezaji wachache waliokuwa wamefika walijua anachokuja kusema. Alisema kwa upole, nisimsingizie. Alisema kijana azikwe kwenye makaburi ya parokia, wanakozikwa walimu na wageni wengine wa mbali, na yeye mwenyewe ataomba nafasi kwa padri. Baba aliingia ndani akatoka na ile nailoni, akaifungua, akampa hati kwa mikono miwili. Ta Severini aliisoma yote, mbele na nyuma, akairudisha kwa mikono miwili vilevile.

"Hii inasema wewe ni wa Tanzania," alisema. "Sikatai. Haisemi wewe ni wa kibanja hiki."

Baba aliikunja. Nilidhani atalia au atapiga mtu. Alisimama tu.

Nyogokuru alitoka ndani akishika ukuta. Kihaya chake kilikuwa kibovu, cha mtu aliyejifunzia sokoni, na kwa kawaida mbele ya watu hakukisema. Siku ile alikisema polepole, na kila mtu alimwelewa. Alimuuliza Ta Severini kama anakumbuka usiku aliozaliwa Gaspari kwenye kile kibanda. Alimuuliza mkunga alikuwa nani.

"Mama yangu," alisema Ta Severini.

"Na kondo la nyuma lilizikwa wapi?"

Kwetu, mtoto akizaliwa, kondo lake huzikwa chini ya mgomba kibanjani. Linazikwa kama mtu anavyozikwa, na anayechimba ni mtu wa nyumbani, kazi hiyo hapewi mpita njia. Ta Severini aliangalia kofia yake mikononi.

"Mama yako aliniambia mtoto hana kosa," Nyogokuru akasema, "akakuita wewe, kijana mbichi, ukaja na jembe ukachimba hapo nyuma. Severini, nusu ya mtoto huyu ulishaizika mwenyewe. Sisi tunaomba kuleta nusu iliyobaki."

Ma Paulina alianza kulia, kilio kile cha wanawake wa kwetu kinachoanzia chini, na wanawake wengine wakampokea, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ukawa msiba wa kijiji. Ta Severini alisimama, akavaa kofia, akamwambia baba, "Pole, Baba Gaspari," akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana.

Kesho yake jua lilipochomoza walikuja wanaume wanne na majembe. Wanne tu, na miongoni mwao mgambo mmoja kati ya wale wawili. Ta Severini hakuja. Jembe lake lilikuja, limebebwa na mwanawe mkubwa. Walimuuliza baba wachimbe wapi. Baba alimwangalia mama yake, kwa sababu nafasi iliyokuwa safi ilikuwa moja tu, ile kati ya migomba mitatu na mbuni mzee, na mmojawapo wa migomba ile ndio uliolitunza kondo la Gaspari. Nyogokuru alionyesha kwa kidole, kisha akageuka upande mwingine. Walichimba, mizizi ikakatwa, harufu ikaja mpaka ndani tulikokuwa tumekaa na mwili. Tulimfunika kwa lubugo, nguo ya gome la mti, ambayo Ma Paulina alikuwa ameiweka kwa ajili ya siku yake mwenyewe. Padri alisali, tukazika. Watu walikula wakaenda zao.

Kuanzia siku ile hakuna aliyezungumzia tena kurudisha ng'ombe wanne. Baba aliitwa Baba Gaspari sokoni, mnadani, kanisani, na kila alipoitwa aliitika, nami nilikuwa naona inavyomkata. Kibanja kile ni chetu mpaka sasa. Watu wa ardhi walipopita kupima walimuuliza Ta Severini, mzee kabisa wakati huo, akasema mpaka unapita hapa, huku ni kwa Baba Gaspari. Yote hayo yalikuja baadaye. Mimi nilikuwa na shida yangu, na sikuweza kula.

Matanga yalipoisha nilimfuata Nyogokuru kule kaburini. Alikuwa amepiga magoti anang'oa majani kama zamani, ingawa majani yenyewe yalikuwa hayajaota, alikuwa anaokota mizizi tu. Nikamwambia yote. Nikamwambia nilisali, na nilichosali, na kwamba sikutaja jina lakini nilijua. Alinisikiliza mkono wake ukiendelea na kazi.

"Ulianza lini kuomba?" aliniuliza.

Nikamwambia tangu Gaspari aliporudi.

"Mimi nilianza siku Severini alipoandika ile karatasi," alisema. "Rozari nzima, kila siku, kwamba Mungu anilaze mimi hapa. Mimi mtu mzima hakunisikiliza, wewe mtoto ndiye akusikilize? Usijipe ukubwa. Chukua takataka hizi ukatupe."

Nikazichukua. Nilizipeleka mpaka mwisho wa kibanja, nikazitupa, nikanawa mikono kwenye umande wa majani, nikarudi nikiwa nimepata pumzi. Nyogokuru alikuwa amelala ubavu juu ya udongo ule, kanga yake imejaa matope, mkono mmoja ukipapasa mbele. Alikuwa anamwambia Gaspari, kwa Kinyarwanda, lugha aliyokuwa akimcheka kwa kujikwaa kwake, asogee kidogo.